Twisheni ya "vyuo vikubwa" mjini Tabora: walimu nawasifu, kifurushi msinunue

Nauza asali sokoni hapa Tabora mjini, na binti yangu amesoma Kidato cha Sita kombi ya PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu. Wazazi wenzangu watatu wameshanifuata mezani kuniuliza kuhusu kituo cha twisheni alichosoma, na kila mara nikianza kueleza anakuja mteja. Leo naandika yote. Jina la kituo naliacha, kwa sababu kifurushi chenyewe, cha kumwandaa mtoto aombe vyuo vikubwa vya nje, mtu anaweza kukikuta popote.

Walimu kwanza, maana hapo sina lawama. Darasa ni vyumba viwili nyuma ya duka, mabenchi ya mbao, mwembe mkubwa uani ambapo watoto wanangojea zamu. Binti yangu alifika pale akiwa anapata E kwenye hesabu, na integresheni ilikuwa inamtoa machozi. Mwalimu wa hesabu hampi mtoto jibu. Anamwita ubaoni, anamwacha akosee mpaka mstari wa mwisho, kisha anamwambia: "Haya, rudi juu, nionyeshe ulipoanza kupotea." Umeme ukikatika wanawasha taa ya sola na kuendelea. Jioni tatu kwa wiki, masomo mawili, 40,000 kwa mwezi. Ndani ya miezi minne E ikawa B. Hela ile nililipa kwa moyo mweupe, na ningeilipa tena leo.

Tatizo lilianza mwezi wa kumi, tulipoitwa wazazi. Ukutani wamebandika picha ya Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora Boys kuanzia mwaka 1937, akaenda Makerere, kisha Edinburgh. Mkurugenzi akaielekeza kidole, akaniambia: "Mama, Harvard wanapokea maombi ya watoto wenye A tupu kutoka dunia nzima. Wa kwako watamtofautisha na nini? Lazima alundike mitihani." Mitihani yenyewe ni ile ya Marekani inayoitwa AP, inayosimamiwa na College Board, alama zake ni 1 mpaka 5. Binti afanye minne: kalkulasi, kemia na miwili ya fizikia. Kufundishwa tu ni 850,000. Ada ya mtihani juu yako, na kwa sisi tulio nje ya Marekani kila mmoja unapita dola 120. Bado nauli na malazi ya Dar, kwa sababu ni lazima ufanyie kwenye kituo kilichoidhinishwa.

Nikalipa 400,000 ya kwanza. Ni mama gani asingelipa, akiambiwa mlango wa mwanawe uko hapo?

Mpaka mwezi wa pili binti alikuwa anarudi nyumbani saa mbili usiku na madaftari ya aina mbili. Kwenye moko, mtihani wa majaribio, kemia yake ikatoka A ikashuka C. Sikumgombeza, nilimuuliza tu. Akaniambia, "Mama, mada ni zilezile ila namna ya kuuliza siyo. Kule nusu ya mtihani ni kuchagua jibu. Huku kwenye mtihani wa taifa, NECTA wananitaka nieleze, halafu kuna pepa ya vitendo, nami sijashika bureti tangu Krismasi." Hilo la vitendo lilinichoma. Pepa ya vitendo ni alama ambazo mtoto anazichuma kwa mikono yake kama amezoea, na mwanangu alizoea. Tulimtoa maabara tukampeleka kukariri maswali ya kuchagua.

Kisha ratiba ikatoka. Jioni moja aliweka karatasi mbili mezani kwangu, katikati ya chupa za asali. AP hufanyika wiki mbili za mwanzo wa mwezi wa tano. Kidato cha Sita nacho huanza mwanzoni mwa mwezi wa tano. Mtoto hawezi kuwa Tabora anapiga pepa ya NECTA na wiki hiyohiyo awe Dar. Kituo kilikuwa na miezi mitano ya kuliona hilo, na aliyeliona ni binti wa miaka kumi na tisa.

Nikaenda kwa mwalimu wa taaluma wa shule yao, nikamwamkia, nikamweleza. Alinikalisha saa nzima, tukafungua kurasa za vyuo vyenyewe kwenye simu yake. Cambridge kwa kawaida humpa mwombaji masharti ya masomo matatu ya A-level, mtihani wa kwao unaolingana na Kidato cha Sita, na wanasema wazi kwamba la nne au la tano kwa kawaida halimwongezei nafasi, isipokuwa hesabu za ziada kwa baadhi ya kozi. Vyuo vikubwa vya Marekani vinamwangalia mtoto kwa kulinganisha na shule aliyotoka: kama shule yake ina masomo ya AP, wanataka kuona alichukua yale magumu yaliyokuwepo, kama haina, hawamhesabii pengo. Shule za serikali za Tabora hazina. Mitihani hiyo faida yake kubwa iko kwingine, kwamba vyuo vingi vikikubali alama yako unaweza kurukishwa baadhi ya kozi za mwaka wa kwanza. Ni faida ya kweli, ila ni ya mtu aliyekwisha kuingia.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Mtihani ambao MIT, chuo kingine kikubwa cha Marekani, wanautaka ni SAT au ACT, ile ya kuombea chuo. Walirudisha sharti hilo mwaka 2022, na Harvard wakalirudisha mwaka 2024. Kwenye kifurushi cha 850,000 SAT haikuwemo. Wala hakuna aliyetuambia kwamba Harvard, Yale na MIT hawaangalii uwezo wa mzazi wa kulipa wanapochagua, hata kwa mwombaji wa nje, na wakimchukua wanamfidia pengo la ada. Mama muuza asali alihitaji kuambiwa hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Na hapa nyumbani? TCU, tume ya vyuo vikuu, wanahesabu pointi za masomo yanayohusika na kozi, A ni 5, B ni 4. Mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, hauulizi una vyeti vingapi vya nje. Ufadhili wa Samia kwa wanaofanya vizuri sayansi unafuata matokeo ya Kidato cha Sita. Kila saa aliyokaa kwenye AP ilikatwa kwenye karatasi ambayo milango yote hii inaisoma.

Nilimtoa mwezi wa tatu. Kituo kilinirudishia 100,000, nyingine wakasema imeshanunua vitabu. Mzazi mmoja wa Ipuli yeye alikuwa ameshalipa na ada ya mitihani. Siku zilipogongana kijana akabaki Tabora kwenye NECTA, na hela ikaenda. Mkurugenzi hakumpigia hata simu ya pole, na kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko la ratiba.

Binti alirudi maabara, akabaki na jioni tatu za hesabu. Alitoka One ya tano, yaani Daraja la Kwanza la pointi tano (NECTA wao A ni 1, B ni 2): A ya kemia, B ya fizikia, B ya hesabu. Akaenda JKT Msange, na sasa yuko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uhandisi.

Kwa hiyo ufundishaji nawapa nyota tano. Kifurushi cha vyuo vikubwa nawapa moja, tena kwa sababu mwalimu wa fizikia alijitahidi. Mdogo wake yuko Kidato cha Nne. Akifika Advance nitampeleka palepale, kwa mwalimu yuleyule wa hesabu, na nitasimama mezani mpaka waandike risiti ya masomo mawili tu.