Roadster na tairi nyembamba Tanga: nimetoka 205 nikaenda 185, na duka lililonifungia tairi

Wenye haraka chukueni jibu hapa: ka una kagari kepesi ka spoti na unaendesha Tanga hii wakati wa masika, punguza upana wa tairi. Mi nimetoka 205/50R15 (upana milimita 205, kimo cha ubavu asilimia 50 ya upana, rimu ya nchi 15) nikaenda 185/55R15 na sirudi nyuma.

Gari ni Mazda Roadster kizazi cha pili, uzito wake tani moja na kitu kidogo, ilitoka Japani ishavalishwa 205 manake zinajaza matao na kwenye picha inapendeza kweli. Kiwandani ile ya injini ya lita 1.8 ilikuwa na 195/50R15, na Roadster ya kwanza kabisa ya 1989 ilitoka na 185/60R14 tu, na hakuna aliyelalamika. Shida ni maji bana. Tairi inatakiwa isukume maji pembeni ndo iguse lami, sasa ikiwa pana maji ya kusukuma yanazidi halafu gari lenyewe halina uzito wa kuikandamiza, matokeo yake inapanda juu ya maji na usukani unalegea mkononi ka umeshika kifuniko cha sufuria. Aliyewahi kutoka Segera kuja Muheza mvua imeshuka, maji yamesimama kwenye ile mikondo ya malori, anajua ninachosema.

Na saizi hii sijaiokota njiani. Toyota MR-S za mwanzo zilivaa 185/55R15 mbele na 205/50R15 nyuma, gari moja saizi zote mbili, kwa hiyo kimo kinakaribiana kabisa, tofauti haifiki hata milimita 2, spidomita haijabadilika na rimu zangu za nchi 6 zimebaki zilezile. Angalia na namba ya mzigo, yangu ni 82, yaani kilo 475 kwa kila tairi, kwa kagari haka imebaki.

Wenzetu wa nchi za theluji wenye vigari ka hivi nao wanashuka upana kipindi cha baridi, tairi nyembamba inaikata theluji laini mpaka ifike kwenye kigumu badala ya kuelea juu yake. Sawa. Ila hapo ndo kuna mtego wa hapa kwetu, na naomba muusome vizuri. Kwenye tairi za mtumba toka Japani utakuta Blizzak za Bridgestone na wenzake, mpya mpya, mifereji mirefu, juu zimejaa chale ndogo ndogo zilizopinda pinda, na muuzaji atakwambia hizi ndo za mvua kaka, tazama zilivyo na meno. Mmoja alinishikilia karibu anivue shati. Ukigeuza ubavuni mara nyingi utaona neno STUDLESS au kaalama ka mlima wenye vilele vitatu na ndani kitone cha theluji, basi hiyo ya chale ni tairi ya baridi. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini joto likishuka chini ya nyuzi 7, sasa Tanga ya nyuzi 30 na zaidi, lami inawaka, unakuwa ubwabwa, breki inachelewa kushika, kona inayumba, na inaisha upesi, waja leo waondoka leo. Baridi gani sisi tuliyonayo, hata Lushoto penyewe hapahitaji hiyo kitu.

Sasa duka. Liko Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, kibanda tu, bajaji na bodaboda zimejaa mbele. Mzee mwenye duka nilimuuliza makusudi kuhusu hizo za chale akacheka, "Mwanangu hizo za barafu, zitakuishia hujafika Mombo." Angeweza kuniuzia, anazo mbili kule nyuma, hakuniuzia. Akaniletea mpya za kawaida, akanionyesha mwenyewe zile namba nne za mwisho za DOT, mbili za mwanzo wiki, mbili za mwisho mwaka wa kutengenezwa, bila mi kuomba. Hapo nampa nyota zote.

Vijana wake sasa, mmh. Balansi wamefanya vizuri, risasi wamebandika kwa ndani rimu haijakwaruzwa, ila upepo walijaza psi 35 ka wanavyojaza kila gari inayopita hapo. Kibandiko cha mlangoni kinasema 26. Nikamwambia dogo toa, akanitazama ka nimechanganyikiwa, akatoa. Tairi ikijaa sana kwenye gari nyepesi inagusa zaidi katikati, mshiko unapungua. Nenda na kipimo chako, chao kinacheza.

Barabarani: kwenye maji tofauti utaisikia siku ya kwanza, inakata inapita. Usukani umekuwa mwepesi na haufuati tena kila mfereji wa lami. Kupanda Mombo kwenda Soni lami kavu, sitawaficha, 205 ilikuwa inang'ang'ania zaidi, hii inaanza kuteleza mapema kidogo lakini taratibu na inakutaarifu, mi naona ndo raha yenyewe. Ka wewe ni mtu wa kukimbizana lami kavu tupu baki na 195.

Bei ni maelewano, tairi nne zimenitoka chini kuliko nilivyotajiwa 205 mpya. Alaimenti (kunyoosha magurudumu) hawana, itabidi uende gereji nyingine siku hiyohiyo. Na Ijumaa usiende saa sita, wanafunga kwenda msikitini, wakirudi foleni ya bajaji ishafika barabarani.