Micro: kihariri tulichokikubali hapa Kirumba, Mwanza

Ukishinda kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri za kompyuta, unataka kihariri (programu ya kuandikia na kusahihisha faili) kinachofunguka kwa amri ileile kila mahali. Ndiyo maana vijana wote ninaofanya nao kazi nawapa Micro.

Ofisi yetu inatunza hesabu za wafanyabiashara wa dagaa na mabondo wa soko la Mwaloni, na mashine zetu hazifanani. Seva zinatumia bash, mojawapo ya sheli, yaani programu zinazopokea amri unazoandika kwenye terminali. MacBook ya mhasibu ina sheli ya zsh, kama Mac zote mpya tangu Catalina ya 2019. Kijana wetu wa programu yeye ni sheli ya fish tu, hataki kusikia sheli nyingine. Hapo ndipo watu hukwama. Mtu anaandika `alias` (jina fupi la amri) kwenye `.bashrc`, faili ya mipangilio ya bash, inakubali vizuri, akihamia fish haipo. Tena git (inayotunza historia ya mabadiliko ya faili) na crontab (inayopanga kazi za kujiendesha zenyewe) haziioni kabisa hiyo alias, kwa hiyo ukiandika `crontab -e` unaweza kufunguliwa vi, kihariri cha zamani, na mgeni wa vi hajui hata pa kutokea.

Micro imeandikwa kwa lugha ya programu ya Go na inakuja kama faili moja, haidai mlolongo wa vitu vingine. Tunaiweka `/usr/local/bin`, folda ambayo kwa kawaida sheli zote tatu huipitia zikitafuta amri. Kisha tunazijulisha programu nyingine kupitia EDITOR na VISUAL, majina ambayo programu huyatazama kujua kihariri ulichochagua. Kwa bash, `export EDITOR=micro` inakaa `.profile`, lakini chunga: bash ikikuta `.bash_profile`, hiyo `.profile` haiisomi. Kwa zsh mstari ni huohuo, ila uweke `.zshenv`, maana husomwa kila zsh inapoanza. Fish ina maandishi yake: `set -gx EDITOR micro`, ndani ya `~/.config/fish/config.fish`. VISUAL iandike vivyo hivyo, kwa sababu git huitazama kabla ya EDITOR. Na kama git bado inang'ang'ania kihariri kingine, kagua `git config core.editor`, hiyo inazishinda zote mbili. Faili za mfumo, zinazohitaji ruhusa ya msimamizi, tunazifungua kwa `sudoedit`, nayo inafuata chaguo lako.

Ukimaliza, fungua kila sheli upya, piga `echo $EDITOR`, halafu `git commit`. Ikija Micro kote, kazi imekwisha.

Kwenye matumizi yenyewe sina la kulalamika sana. Ctrl+S inahifadhi, Ctrl+Q inafunga, na mausi inafanya kazi ndani ya terminali. Mhasibu wetu, mama mtu mzima, alisahihisha faili ya bei za dagaa mbele yangu, akahifadhi, akafunga, akaniambia, "Mwanangu, hii naiweza bila kukuita." Umeme ukikatika huku unaandika, Micro inakuwa imeshaweka nakala ya akiba kwenye `~/.config/micro/backups`, na ukiifungua tena faili ileile inakuuliza kama irejeshe. Kwa Mwanza hilo peke yake linatosha kunifanya niipende.

Kasoro ninayoiona ni kunakili maandishi ukiwa umeingia kwenye seva ya mbali. Seva yetu ya Nansio tunaifikia kwa SSH, njia salama ya kuingia kompyuta ya mbali, na ukinakili mstari kule hauji kwenye laptopu yako. Dawa ni kubonyeza Ctrl+E, kisha `set clipboard terminal`, ili kunakili kupitie terminali yako, ila nayo iwe inakubali mtindo huo. Si zote zinakubali. Na aliyezoea Vim, kihariri cha ukoo wa vi, kwa miaka mingi simshawishi ahame, mikono yake imeshazoea.

Micro ni bure, leseni yake ni MIT. Mashine ikiwa na intaneti dhaifu, usihangaike kupakua ukiwa hukohuko: chukua faili ya Linux mjini, itume kwa `scp` (amri ya kutuma faili kupitia SSH), ipe ruhusa ya kuendeshwa kwa `chmod +x`, iweke mahali pake. Ya Nansio tuliiweka hivyo.