Usuluhishi wa CMA kwa wafanyakazi wa Tanga: chumba kizuri, fomu ngumu

Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA kwa wanaoizoea, haitozi ada ya kufungua mgogoro wa kazi. Kwa kibarua wa mkonge wa Muheza au karani wa ghala bandarini, hilo peke yake latosha kugonga mlango wake. Anayetoka mashambani tu ndiye ahesabu nauli ya safari zaidi ya moja.

Wengi hukwama kwenye fomu CMA F1. Nakala anapewa kwanza mwajiri, agonge muhuri au asaini kuwa amepokea, ndipo fomu ifikishwe Tume pamoja na uthibitisho huo. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kuifikisha. Madai mengine, kama mshahara au saa za ziada, yana siku 60. Zile "njoo wiki ijayo" za ofisi ya utumishi hazisimamishi siku. Ukichelewa ipo CMA F2 ya kuomba uongezewe muda, lakini inataka sababu nzito, na "niliambiwa nisubiri" bila barua ni maneno matupu. Sehemu B ya CMA F1 ni ya walioachishwa peke yao, nao huiruka wakidhani inajazwa na Tume! Kwenye nafuu, yaani unachoomba upewe, andika kila unachodai: notisi, likizo, cheti cha utumishi, na kiinua mgongo kwa anayestahili (siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10). Usichokiandika utakidai kwa taabu baadaye.

Ukishavuka fomu, huduma yenyewe ni nzuri. Msuluhishi hahukumu. Husikiliza pande zote pamoja, kisha akaongea na kila upande faragha, na yanayosemwa humo hayatumiki kama ushahidi mbele ya mwamuzi, anayeamua shauri usuluhishi ukishindikana. Ndiyo maana meneja aliyekaza uso mbele ya mfanyakazi wake hutaja kiasi akibaki na msuluhishi. Sheria inaupa usuluhishi siku 30, zinazoongezwa kwa makubaliano ya maandishi.

Kinachoharibu ni kampuni kumtuma ofisa asiye na ruhusa ya kukubali hata shilingi. Kikao kinaishia kwenye salamu na tarehe mpya. Kutofika ni hatari zaidi: mlalamikaji asipotokea, shauri laweza kutupwa; mwajiri asipotokea, laweza kuamuliwa bila yeye.

Mkifikia makubaliano, someni kabla ya kusaini. "Mwajiri atamlipa stahiki zake zote" ni sentensi ya kuzaa kesi nyingine. Itajwe shilingi ngapi, kabla au baada ya kodi, akaunti gani, tarehe ya kila awamu, na kwamba awamu moja ikikosekana salio lote linadaiwa papo hapo.

Si kila ugomvi ni wa hapa. Wa uongozi wa SACCOS una njia yake ya ushirika. Mtumishi wa umma amalize kwanza ngazi za sheria yake. Aliye chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo hawezi kudai kuachishwa isivyo halali.

Kwa kudai haki ya fedha tunaipa alama za juu. Kwa kurudisha maelewano kazini, wastani tu, na kosa si la msuluhishi: watu humfikia na barua ya kuachishwa mkononi, wakati dai la saa za ziada lingeweza kuletwa miezi kadhaa nyuma, ajira ikiwa bado ipo.