Huduma za bure za kuchunguza wabunge wa Conservative walio upinzani Uingereza: ipi inafaa kwa kazi ipi

Chama cha Conservative kilitoka kwenye uchaguzi wa Uingereza wa tarehe 4 Julai 2024 na viti 121 kati ya 650, idadi ndogo kuliko zote katika historia yake. Waliobaki si rahisi kuwasoma. Kuna mawaziri wa jana walio mawaziri vivuli leo, kuna wakongwe waliorudi viti vya nyuma, na kuna wageni ambao hawajawahi kushika wadhifa wowote serikalini. Mwanafunzi wa siasa, mwandishi wa habari, au Mswahili anayeishi kule na kutaka kujua mbunge wake alifanya kazi gani kabla ya siasa, anaweza kutumia huduma tano bila kulipa senti: kurasa za wabunge kwenye tovuti ya Bunge, Rejista ya Maslahi ya Kifedha, Hansard (kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge), TheyWorkForYou (tovuti huru ya kufuatilia hotuba na kura za wabunge), na sajili ya kampuni ya Companies House.

Hakuna moja inayojitosheleza. Ukitaka tarehe za nyadhifa, nenda tovuti ya Bunge. Ukitaka fedha, nenda kwenye rejista. Maisha ya mtu kabla ya ubunge hayajakusanywa mahali pamoja, na hilo ndilo pengo kubwa la mfumo mzima.

Tuanze na members.parliament.uk. Unachuja kwa chama, kisha unabofya jina. Kila mbunge ana orodha ya nyadhifa za serikali, nyadhifa za upinzani na kamati, zote zikiwa na siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Kwa kambi ya upinzani huu ni utajiri, kwa sababu nafasi zilibadilika mara tatu kwa muda mfupi. Rishi Sunak alibaki Kiongozi wa Upinzani na timu yake ya muda hadi Kemi Badenoch alipochukua uongozi tarehe 2 Novemba 2024. Badenoch akateua timu yake. Kisha Julai 2025 akaipanga upya, na hapo ndipo James Cleverly alipoingia kushughulikia makazi na Kevin Hollinrake akawa mwenyekiti wa chama. Magazeti huchanganya vipindi hivi kila mara. Tovuti ya Bunge haivichanganyi, na kuna ukurasa wa pekee unaoonyesha baraza zima la mawaziri vivuli.

Udhaifu wake ni kwamba inamjua mtu kuanzia siku aliyoapishwa. Ukurasa wa Badenoch utakupa nyadhifa zake zote, lakini hautakusimulia kwamba alizaliwa Wimbledon mwaka 1980 na kukulia kwa sehemu kubwa Nigeria, akasomea uhandisi wa mifumo ya kompyuta Chuo Kikuu cha Sussex na baadaye sheria Birkbeck, akafanya kazi Logica, benki ya RBS, Coutts, na kuongoza upande wa dijitali wa jarida la Spectator. Alex Burghart ana shahada ya uzamivu ya historia kutoka King's College London na aliwahi kufundisha. Andrew Griffith alikuwa mkuu wa fedha, kisha mkuu wa uendeshaji, wa kampuni ya Sky kabla ya kuwa mbunge mwaka 2019. Haya ndiyo yanayoeleza kwa nini Griffith ni waziri kivuli wa biashara, na hayatoki kwenye orodha ya kamati.

Kuna mtego mwingine hapo: majina ya majimbo. Mipaka ilichorwa upya kabla ya uchaguzi wa 2024, na majimbo mengi yakabadili majina. Badenoch aliingia mwaka 2017 kwa jimbo la Saffron Walden, leo ni mbunge wa North West Essex. Ukitafuta habari za kale kwa jina jipya la jimbo hupati kitu, na ukitafuta mbunge wa sasa kwa jina la zamani unaweza kuangukia orodha iliyofungwa. Tafuta kwa jina la mtu. Na kwa jina la mtu pia, angalia kama limebadilika: mwaka 2010 Badenoch aligombea Dulwich and West Norwood akitumia jina la Kemi Adegoke, akashindwa. Asiyejua hilo atakosa miaka yake yote ya mwanzo katika siasa.

Anayetaka jedwali badala ya kubofya mmoja mmoja atumie mlango wa data wa tovuti hiyo hiyo, members-api.parliament.uk. Hauhitaji kujisajili wala nywila. Kwenye utafutaji weka House=1, PartyId=4 ambayo ndiyo namba ya Conservative, na IsCurrentMember=true. Unarudisha watu 20 tu kwa ombi moja, kwa hiyo ongeza Skip kwa 20 kila mara, yaani maombi sita au saba kumaliza chama kizima. Wengi hukwama hapa: huomba mara moja, hupata watu 20, hudhani programu imeharibika. Ukishapata namba ya kila mbunge, omba sehemu ya Biography. Inaleta nyadhifa zote pamoja na vyama alivyowahi kuwamo mtu na chaguzi alizogombea. Usikose kuangalia tarehe za vyama. Danny Kruger alichaguliwa kama Conservative mwaka 2024 na kuhamia Reform UK Septemba 2025, kwa hiyo jedwali lililotengenezwa kabla ya hapo na lililotengenezwa baada yake hayawezi kulingana. Andika siku uliyochukua data juu ya kila jedwali.

Rejista ya Maslahi ya Kifedha ndiyo huduma bora kuliko zote hapa, na inastahili muda wako mwingi zaidi. Sababu ni ya upinzani hasa. Waziri anayeingia serikalini huacha ajira nyingine. Waziri kivuli hana mshahara wa nyongeza. Ukimwondoa Kiongozi wa Upinzani, Mnadhimu Mkuu wa upinzani na wasaidizi wake wachache, wengine wote wanaishi kwa mshahara wa kawaida wa mbunge, uliokuwa pauni 93,904 kwa mwaka kuanzia Aprili 2025. Ndiyo maana taaluma za zamani hufufuka chama kikiwa upinzani: uwakili, udaktari, ushauri wa biashara, safu za magazeti. Geoffrey Cox, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu kati ya 2018 na 2020, ni mfano unaotajwa sana, kwani kwa miaka kadhaa mapato yake ya uwakili yaliyoandikwa humo yalizidi mbali mshahara wake wa ubunge.

Isome kwa kujua viwango vyake. Malipo ya kazi ya nje huandikwa yakizidi pauni 100, au yakifika zaidi ya 300 kwa mwaka kutoka chanzo kimoja, na saa za kazi huandikwa pia. Zawadi ni zaidi ya pauni 300, michango zaidi ya 1,500. Hisa huandikwa zikiwa zaidi ya asilimia 15 ya kampuni au thamani yake ikizidi pauni 70,000. Nyumba na ardhi ni zaidi ya pauni 100,000, au kodi ya zaidi ya 10,000 kwa mwaka. Kwa hiyo mbunge asiye na hisa rejistani si lazima awe hana hisa. Huenda anazo za pauni 60,000. Kosa hili hufanywa hata na waandishi wazoefu.

Ucheleweshaji nao uhesabu. Mbunge ana siku 28 za kuandikisha, na toleo jipya hutoka kila baada ya wiki mbili Bunge likiwa kwenye vikao. Malipo ya leo yanaweza kuonekana baada ya wiki sita, na likizo ya kiangazi huvuta zaidi. Kikubwa zaidi ni hiki: mbunge mpya hutakiwa kuandikisha maslahi aliyo nayo na manufaa ya miezi 12 iliyopita, lakini mapato ya kazi aliyoiacha kabla ya kuchaguliwa hayamo. Kwa hiyo kwa wageni wa 2024 rejista haisemi mengi kuhusu walikotoka.

Kwa hao, dawa ni hotuba ya kwanza bungeni. Kwa desturi ya Westminster hotuba hiyo haikatizwi. Mbunge humshukuru aliyemtangulia, husifu jimbo lake, na mara nyingi hueleza wazazi wake, shule na kazi yake. Fungua Hansard, chagua jina la mbunge, panga matokeo kuanzia ya zamani zaidi, kisha ruka maswali mafupi hadi ufike hotuba ndefu ya kwanza. Ndani ya dakika tano unapata wasifu ambao ukurasa rasmi hauna. Kundi la 2024 lina watu wa kufuatilia kwa njia hii: Neil Shastri-Hurst wa Solihull West and Shirley, aliyekuwa daktari mpasuaji jeshini na kisha wakili, Ben Obese-Jecty wa Huntingdon, ofisa wa jeshi aliyehudumu Iraq na Afghanistan, Nick Timothy wa West Suffolk, aliyekuwa mmoja wa wakuu wawili wa ofisi ya Theresa May. Kumbuka tu kwamba ni maelezo ya mtu kuhusu nafsi yake. Yathibitishe kwingine. Kwa wazee kama Edward Leigh, aliyeingia Bungeni 1983 na sasa ndiye Baba wa Bunge (cheo cha mbunge aliyekaa humo mfululizo kwa muda mrefu kuliko wote), tumia Hansard ya kihistoria, inayoanzia 1803 hadi 2005 na iko kwenye anwani tofauti.

Companies House inathibitisha upande wa biashara. Tafuta kwa maofisa wa kampuni, si kwa jina la kampuni. Hollinrake, aliyeshiriki kuanzisha kampuni ya udalali wa nyumba ya Hunters mwaka 1992, ni mtu wa aina ambayo sajili hii inamfaa. Tatizo ni kwamba mtu mmoja hutokea mara tatu au nne kama watu tofauti, kwa sababu jina la kati liliandikwa au halikuandikwa, au anwani ilibadilika. Linganisha mwezi na mwaka wa kuzaliwa, vyote viko wazi. Na usitegemee kumpata mwajiriwa: sajili inaonyesha wakurugenzi, haionyeshi wafanyakazi. Miaka ya Claire Coutinho benki ya Merrill Lynch huwezi kuikuta humo.

Kwa waliokuwa mawaziri hadi Julai 2024 kuna chanzo kingine ambacho wengi hawakijui. Waziri aliyeondoka lazima aombe ushauri kabla ya kuchukua kazi mpya ndani ya miaka miwili, na barua za ushauri huchapishwa GOV.UK zikieleza kazi yenyewe na masharti yake. Kamati iliyokuwa ikiziandika, ACOBA, ilifungwa Oktoba 2025 na kazi zake zikagawanywa kwingine, kwa hiyo barua za kabla na za baada haziko mahali pamoja. Tafuta kwa jina la waziri.

TheyWorkForYou, inayoendeshwa na shirika la hisani la mySociety, ndiyo rahisi kutumia kuliko zote. Inapendeza kwa mambo mawili. La kwanza ni arifa za barua pepe: unachagua mbunge au neno, na kila akizungumza unapata ujumbe. La pili ni historia ya rejista, inayoonyesha kilichoongezwa na kilichofutwa kutoka toleo hadi toleo. Kwa hilo la pili inaipita tovuti ya Bunge yenyewe.

Muhtasari wake wa kura ndio wa kusomwa kwa tahadhari. Kura nyingi za upinzani hufuata agizo la mnadhimu, hivyo zinakuonyesha chama zaidi ya mtu. Asiyepiga kura haelezwi kama aligoma, alikuwa safarini, au alikubaliana na mbunge wa upande wa pili wote wasipige. Mfano mbaya zaidi ni manaibu spika. Nusrat Ghani na Caroline Nokes walichaguliwa kama Conservative, wakawa manaibu spika Julai 2024, na naibu spika hapigi kura. Ukiwahesabu kwenye jedwali la mahudhurio utawaita wazembe bila haki. Vivyo hivyo wanadhimu, kama Mnadhimu Mkuu Rebecca Harris: huzungumza kwa nadra, ilhali kazi yao ni nzito na iko nje ya Hansard. Naye Geoffrey Clifton-Brown hana wizara kivuli, lakini anaongoza Kamati ya Hesabu za Serikali, nafasi ambayo kwa kanuni huenda kwa upinzani na yenye uzito kuliko wizara kivuli nyingi.

Kuhusu elimu, usihesabu mwenyewe. Shirika la Sutton Trust lilikwisha kufanya kazi hiyo kwa Bunge la 2024: asilimia 23 ya wabunge wote walisoma shule binafsi, lakini kwa Conservative ni 46 na kwa Labour 15. Maktaba ya Bunge nayo hutoa bure ripoti za asili ya kijamii ya wabunge tangu 1979, zenye majedwali ya kazi walizofanya awali.

Vitabu vya wasifu vya kulipia siwezi kuvipendekeza kwa kazi hii. Vingi hujazwa na wahusika wenyewe, na anayeishi Uingereza mara nyingi anaweza kuvisoma mtandaoni kwa kadi ya maktaba ya mtaa wake.

Ukikuta kosa, lipeleke panapohusika. Kosa la kunakili kwenye TheyWorkForYou waandikie mySociety, lakini kwanza fungua Hansard rasmi uone kama kosa halikuanzia huko. Maslahi yasiyoandikishwa ni suala la Kamishna wa Viwango wa Bunge, na malalamiko lazima yaambatane na ushahidi na jina la mlalamikaji. Yasiyo na jina hayapokelewi.