TAHADHARI: Muuza viatu vya Crocs wa "Kariakoo ghorofa ya tatu" ni tapeli, msimtumie hata mia

Jamani, naandika nikiwa na hasira na mkono wa kushoto umefungwa bandeji, kwa hiyo mnivumilie. Nimelizwa. Na sikulizwa peke yangu, nimewaponza na wenzangu wawili wa dukani ambao walitoa hela zao kwa sababu mimi ndiye niliyesema "huyu dada yuko vizuri". Hela inauma, lakini kuwatazama wale wenzangu usoni kila asubuhi kunauma zaidi.

Kisigino changu kinauma tangu Ramadhani, habari yake ndefu sitairudia. Na kazi yenyewe ni hii: saa 12 kwa siku nimesimama juu ya vigae, duka la dawa halina kukaa. Viatu vya ngozi ikifika saa 9 mchana miguu imevimba, vinabana. Raba zinachemka. Ndala nyembamba nilishakatazwa hospitali. Na masika haya, kutoka kituoni Rangi Tatu mpaka dukani unakanyaga tope njia nzima, kwa hiyo nilitaka kiatu cha kumwagia maji tu na kuendelea na kazi. Wifi yangu akaniazima Crocs zake siku mbili, vile viatu vyepesi vyenye matundu juu na mkanda nyuma. Wallahi nilirudi nyumbani jioni nikasahau kuloweka miguu. Mguu umeshikwa chini kote, vidole vinapumua, mkanda unakaa nyuma ya kisigino bila kukata. Nikasema hiki ndicho kiatu changu, nitajinyima nikinunue.

Huyo muuzaji nilimpata mtandaoni. Jina la ukurasa sitaliweka hapa kwa sababu suala limefika polisi na nimeshauriwa nisitaje kwanza. Picha safi, rangi zote, bei imekatwa kutoka sh. 85,000 hadi 60,000, anwani imeandikwa jengo la Kariakoo, mtaa wa Aggrey, ghorofa ya tatu. Nilimwandikia Alhamisi usiku. Akanijibu kwa sauti, "Shikamoo dada yangu, karibu sana," kwa upole, nyuma mtoto analia, anambembeleza huku anaongea na mimi. Ninyi mngemtilia shaka mtu wa namna hiyo? Mimi sikumtilia. Aliniuliza mpaka nafanya kazi gani. Nilipomwambia nasimama kutwa, akasema, "Pole dada, basi usichukue zinazobana, chukua namba ya kukuachia nafasi ya kidole nyuma." Ushauri wa kweli kabisa! Mtu anayejua viatu ndivyo anavyosema.

Ijumaa asubuhi nikamwomba uthibitisho. Akatuma video. Hii video ndiyo iliyonimaliza. Mkono wa kike, hina kwenye vidole, pete yenye jiwe la kijani, umeshika Crocs nyeusi na pembeni kuna karatasi imeandikwa jina langu kwa kalamu nyekundu na tarehe ya siku hiyo. Ule mkono ukakikunja kiatu, ncha ya vidole ikagusana na kisigino, ukaachia, kikarudi kama kilivyokuwa. Nikawaonyesha wenzangu pale kaunta. Tukaiangalia mara tatu. Mmoja akasema na mimi niagizie namba 38, mwingine 40. Tukachanga. Jozi tatu, sh. 180,000, nusu mbele na nusu mzigo ukifika. Nikatuma 90,000 na ya kutolea juu.

Mzigo ulikuja Jumamosi saa 11 jioni, wakati duka limejaa. Nataka mlione hili, maana najua kuna mtu atauliza kwa nini sikufungua. Kuna mama amebeba mtoto ana homa, anasubiri nimpimie dawa ya maji. Nyuma yake watu sita. Boda kasimama mlangoni, injini haijazimwa, mfuko mweusi umezungushiwa selotepu kama mzigo wa mkoani. Nikamwambia, "Kijana wangu, subiri nifungue nione." Akasema, "Mama, bosi kasema mzigo haufunguliwi mpaka apokee hela yote, mimi nina mizigo mingine minne, kama hutaki narudi nao." Akampigia huyo dada, akanipa simu. Ile ile sauti ya upole: "Dada yangu, wateja wengine hufungua wakachafua wakakataa, mimi ni mzazi kama wewe, nitumie tu, kama hazikufai nakubadilishia Jumatatu." Yule mama wa mtoto akaguna. Nikaona aibu kuwachelewesha watu kwa ajili ya viatu. Nikatuma 90,000 na 5,000 ya boda. Ujumbe wa muamala haujafika sawasawa kwenye simu yangu, pikipiki imeshapinda kona.

Tulifungua saa 2 usiku tukifunga duka. Kwanza ilikuja harufu, kama mafuta ya taa yaliyochanganyika na mpira wa tairi. Halafu uzito. Halafu ile jozi ya 38: mguu mmoja 38, mwingine 41. Ya 40 miguu yote miwili ya kushoto. Zangu namba zilikuwa sawa lakini ni plastiki ngumu ya kumiminwa, ukigonga mezani inalia ko! Hata mitalawanda ya mbao ya bibi yangu ilikuwa na huruma na mguu kuliko hizi. Wenzangu hawakusema neno. Mmoja alizifunga tena kwenye mfuko taratibu, akachukua mkoba wake akaondoka. Bora wangenitukana.

Nikapiga simu usiku ule, haipokelewi. Asubuhi nimeshafungiwa, kote kote. Jumatatu nikaomba ruhusa nikaenda Kariakoo. Jengo lipo. Ghorofa ya tatu ipo. Wanauza mapazia. Mzee wa pale akaniambia kwa utaratibu kabisa kwamba mimi ni wa nne mwezi huu kuja kuulizia viatu. Wa nne! Na sisi wote tumenyamaza kwa aibu, ndiyo maana anaendelea kula.

Sasa hapa kuna kosa ambalo ni langu. Kwa sababu hela ilishatoka, nilizivaa. Nilisema zitalainika. Siku ya kwanza zikanichubua juu ya dole gumba. Siku ya pili binti anapiga deki, vigae vina maji, nikageuka na boksi la dawa ya kifua mikononi. Soli yake chini ni laini kama sahani, haina meno ya kushika. Mguu ukaenda, kile kifungo cha mkanda kikang'oka, nikaanguka juu ya mkono. Chupa tisa zimevunjika, nazilipa mimi. Mkono haukuvunjika, alhamdulillah, lakini ningekuwa na mimba je? Angekuwa mama yangu je? Mtu anayeuza kiatu kama hiki kwa mtu aliyemwambia kwa mdomo wake kwamba anaumwa mguu hastahili kuonewa huruma. Nataka akamatwe, arudishe hela za watu wote, na afungwe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, haikuandikwa kwa ajili ya mapambo. Na yule wa boda naye aulizwe, asijifanye mbebaji tu, maana alikuwa na maneno yake tayari mdomoni.

Binamu yangu anauza viatu vya mtumba Mchikichini, wale walioanza upya baada ya moto wa soko wa Januari 2022, na yeye nilimficha mpaka nilipoanguka. Akazishika zangu sekunde mbili akatikisa kichwa. Akaniletea Crocs halisi ya mtumba nilinganishe, na hapa ndipo nilipoelewa nilichokosa. Halisi ni povu lenye vichembe vya hewa vilivyofungwa ndani, ndiyo maana ni nyepesi na hainywi maji. Ukiibonyeza kwa dole gumba inabonyea na kurudi. Kwenye kile kifungo cha mkanda kuna alama ya mamba iliyokaa vizuri, na mkanda unazunguka mbele na nyuma bila kulegea. Ndani ya soli namba imechongeka, kwa mfano M6 W8, yaani 6 ya kiume au 8 ya kike, ambayo kwetu ni 38 hadi 39, kwa sababu hazina nusu namba. Juu matundu ni 13 kila mguu. Zangu yalikuwa 11, na mawili hayakutoboka. Halafu yule dada alinisisitizia "hizi zinatoka Marekani moja kwa moja", kumbe kampuni ndiyo ya Marekani, ilianza Colorado mwaka 2002, lakini viatu vingi vinatengenezwa Vietnam na China. Mwuzaji wa kweli asingehitaji kunidanganya hilo.

Binamu kaniambia pia hata ukipata nzuri usizianike juani juu ya bati au kuziacha kwenye gari lililofungwa, zinasinyaa. Na ukitembea mwendo mrefu mkanda uwe nyuma, ukiuweka mbele ni kiatu cha ndani tu, vidole vinahangaika kukishika.

Dalili zilikuwepo, nazisema haraka maana zinanichoma. Jina lililotokea nilipotuma hela lilikuwa la mwanaume, akasema ni mume wake. Maoni kwenye ukurasa yamefungwa. Nilipomwambia nitapita dukani mwenyewe akasema wiki hii wanahesabu mali. Na ile video, nikiiangalia leo, karatasi haikuguswa na ule mkono hata mara moja. Kiatu alichokikunja ni halisi, ila hakikuwa changu.

Namba zake zote mbili nimezituma kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, nanyi tumeni mlizonazo. Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye kazi ya bidhaa bandia, nitapeleka na viatu vyenyewe na hayo matundu yao 11. Wenzangu nimeanza kuwarudishia 20,000 kila mwisho wa wiki. Wamekataa, nimewawekea kwenye droo zao.

Kama umewahi kupokea video ya mkono wenye hina na pete ya jiwe la kijani, iwe ulituma hela au bado, nitafute inboksi leo. Keshokutwa saa 3 asubuhi narudi kituo cha polisi kwa maelezo ya pili, na sitaki kwenda peke yangu.