Diski ya Blackmail (1929): wamekata vichwa, wakaua hata neno "kisu"

Nina hasira, niseme mapema. Filamu hii ya Alfred Hitchcock ilianza kupigwa bila sauti, kisha sehemu kubwa ikarudiwa kwa maongezi. Anny Ondra, mwigizaji mkuu wa kike, alikuwa na lafudhi ya Kicheki, na kubandika sauti baadaye hakukuwezekana, basi mwigizaji mwingine, Joan Barry, akasimama nje ya picha akisema maneno huku Ondra akichezesha midomo. Jasho la namna hiyo halichezewi. Waliotoa diski hii wamelichezea.

Picha kwanza. Alama za sauti zilipochapwa pembeni ya mkanda zilimega upana, ndiyo maana filamu nyingi za miaka ile ni karibu mraba: kimo 1, upana 1.2. Hawa wameitanua hadi 1.37, wakakata takriban asilimia 12 ya kimo. Vichwa vimekwenda. Ukitaka hakika, weka runinga kwenye umbo halisi la picha, upime kwa futi: kimo kikiwa sentimita 60, upana uwe 72. Ukipata 82, usihangaike na rimoti, kosa limo ndani ya diski.

Hilo ningelimeza. Kisu, hapana! Asubuhi baada ya mauaji ya kisu, jirani anaropoka hadi maneno yake yote yanafifia, linabaki moja tu likichoma: "knife", yaani kisu. Sasa, mlio wa f hukaa juu sana, kwenye sauti nyembamba, palepale penye mchakacho wa mkanda mzee. Fundi amekaza kichujio mpaka mchakacho ukaisha, na f ikazama nao. Unasikia "nai, nai". Onyesho zima limekufa kwa sababu mtu aliogopa mchakacho ambao sikio huuzoea kwa dakika tano.

Tena inakimbia picha 25 kwa sekunde badala ya 24: dakika 85 zinakuwa 82, na kila sauti inapanda, inakuwa nyembamba.

Niliazimia kutoa nyota tatu hata hivyo, maana mbio za kumkimbiza mtu ndani ya British Museum, jumba la makumbusho la London, zilizopigwa kwa ujanja wa vioo kwa kuwa mwanga wa ndani haukutosha, zimetoka safi ajabu, nyeusi yake nzito. Pale nilitaka kusema nunueni. Lakini kule juu ya kuba la jumba hilo nako kipande cha juu kimekatwa! Hapana. Nyota moja. Tafuteni yenye 1.20 nyuma ya kasha, na kabla ya kulipa muombe kusikilizishwa onyesho la kisu.