TAHADHARI: "ApoE4 ya binadamu" ya bei ya kutupa, na jeli inayomuumbua muuzaji

Kwa wanaoagiza protini za binadamu zinazosafirisha lipidi kwa kazi za maabara (ApoA-I, ApoE, CETP, FABP): kuna wauzaji wa mtandaoni wanaojiita watengenezaji, bei yao iko chini kuliko ya wote, anwani ya kiwanda hawana, na pesa wanaitaka kwenye akaunti ya mtu binafsi au kwa sarafu za kidijiti. Usilipe kwanza.

Anza na katalogi yao. Anayekuuzia ApoB-100 nzima kutoka E. coli (bakteria wa maabara) anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Protini hiyo ina asidi amino 4,536 na uzito unaozidi kilodalton 500. Bakteria huyo haitoi ikiwa nzima. CETP "yenye sukari zake zote" kutoka E. coli ni hadithi ileile, maana CETP ya binadamu hupachikwa sukari sehemu nne, na E. coli wa kawaida hana uwezo wa kuzipachika.

Cheti cha uchambuzi hakithibitishi kitu, kwani PDF huhaririwa kwa dakika 5. Linganisha vyeti viwili vya bidhaa tofauti: namba ya bechi ikiwa moja, au picha ya jeli ni ileile iliyogeuzwa kushoto kulia, achana nao. Omba mfuatano kamili wa asidi amino, tagi (kipande kidogo kinachoongezwa ili protini isafishwe kirahisi) ikiwemo, pamoja na grafu ya spektrometri ya masi (kipimo cha uzito wa molekuli) ya bechi utakayotumiwa. Histidini sita peke yake huongeza dalton 823 hivi, kwa hiyo uzito usiolingana na mfuatano utauona mara moja. Wakijibu kwamba mfuatano ni "siri ya kampuni", jibu umeshalipata.

Kichupa kikifika, usidanganywe na unga mwingi. Mililita 1 ya trehalosi (sukari ya kulinda protini) ya asilimia 5 ikikaushwa huacha miligramu 50. Mikrogramu 100 za protini ni mara 500 pungufu ya hapo, na zikikaushwa bila sukari huenda usione kitu kabisa (ndiyo maana kichupa huzungushwa kwenye sentrifuji kabla ya kufunguliwa). Kipimo cha BCA, cha wingi wa protini, nacho hakitakuokoa. Kinahesabu protini yoyote, na albumini ya ng'ombe husomeka vizuri tu.

Mwamuzi ni jeli ya SDS, inayotenganisha protini kwa uzito ziwe mistari (bendi). Tumia ya asilimia 12, mikrogramu 1 hadi 2 kwa kisima, nyuzi 95 kwa dakika 5, sampuli moja yenye DTT (kemikali inayovunja madaraja ya salfa kati ya sisteini) na nyingine isiyo nayo. Acha visima viwili vitupu katikati, la sivyo DTT itavuja kwenda kwa jirani na kuharibu ulinganisho. Tarajia bendi ya kilodalton 34 kwa ApoE, 28 kwa ApoA-I, 15 hivi kwa FABP4. Bendi nene karibu na 66 inayobaki hata penye DTT ni ya kushuku kuwa albumini. Kama ilitajwa kuwa ni kinga ya protini, sawa. Kama haikutajwa, umepigwa.

Changa la macho kubwa zaidi ni ApoE3 kubandikwa lebo ya E4. Zinatofautiana sehemu moja tu, nafasi ya 112: E3 ina sisteini, E4 ina arginini. E4 haina sisteini hata moja, hivyo haiwezi kufunga daraja la salfa na mwenzake; E3 inaweza, na mbili zikiungana hufika karibu na 70. Ukiona bendi karibu na 70 kwenye sampuli isiyo na DTT, na inatoweka penye DTT, hiyo si E4, isipokuwa tagi yenyewe ina sisteini. Kukosekana kwa bendi hiyo hakumsafishi muuzaji: bafa iliyowekwa DTT tangu kiwandani huificha, kwa hiyo iondoe DTT hiyo kwanza kwa dayalisisi (kuichuja kupitia utando). Uhakika unatoka kwenye spektrometri ya masi, ambako tofauti ni dalton 53.

Wanaopima seli waangalie pia endotoksini (LPS), sumu ya ukuta wa bakteria inayostahimili joto. Wengi huichemsha protini: athari ikibaki, wanasema ni LPS. Kwa ApoA-I na ApoE mbinu hiyo inapotosha, maana hujikunja upya zikipoa. Ongeza kipimo cha polimiksini B, dawa inayoishika LPS. FABP za E. coli nazo huja zimebeba asidi za mafuta za bakteria. Asiyeeleza alivyoziondoa, huenda hakuziondoa.

Mkilazimika kununua, agizeni mikrogramu 20 kwa hati ya ununuzi ya taasisi, malipo baada ya majaribio. Pigeni picha ya lebo na kifungashio kabla ya kufungua, na jeli iendeshwe wiki hiyohiyo. Kichupa kikishakaa miezi mitatu kwenye friza, muuzaji atasema mliiharibu nyinyi.